Nusu Iliyoachwa Mlangoni

"Mungu akishalijua jambo, anaweza kulibadilisha?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa mbele ya nyumba ya bibi, ananoa moko kwenye jiwe. Moko ni patasi ya chuma ambayo wachimbaji huipiga kwa nyundo kuvunja mwamba, na sauti ya kuinoa ndiyo iliyonipokea kabla sijamwona mwenyewe. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa treni hadi Shinyanga, kisha nikapanda lori la pamba kuelekea magharibi, na nyayo zangu zilikuwa zimevimba hadi viatu vikakataa kutoka.

"Hata shikamoo yangu hujaiitikia vizuri," nilimwambia, "umeanza maswali."

"Marahaba. Haya, jibu. Wewe si ndiye unayesoma mambo hayo huko?"

"Sisomi mambo ya Mungu. Nasoma jinsi watu wanavyoishi."

"Ni hayohayo." Aliweka moko chini. "Tuseme anajua kesho nitakanyaga mwiba. Anaweza kuung'oa leo? Akiung'oa, basi hakujua, kwa sababu sikuukanyaga. Asipoung'oa, anajua kwa faida gani?"

Yeye aliishia darasa la saba. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya sabini, na nilikuwa nimekwisha jifunza la kusema pale ninapokosa la kusema. Nilimwambia swali lake lina kasoro. Alicheka mpaka mwanya wake wote ukaonekana.

Mwanya huo sina budi kuueleza. Ulikuwa kati ya meno yake mawili ya mbele ya juu, mpana kiasi cha kupitisha bua la mtama. Alipouma kiazi, aliacha ukuta mwembamba umesimama katikati ya alama ya meno. Mama yetu, kabla hajafariki, hakuhitaji kuuliza nani ameonja chakula kabla ya wakati. Aliangalia tu. Meno yangu mimi ni madogo na yamebanana, na mama alikuwa akisema nauma kama panya.

Wazazi wetu walipofariki, alitulea bibi mzaa baba. Kaka alikwenda machimboni ili mimi niendelee na shule. Hakuwahi kulisema jambo hilo, na mimi sikuwahi kulishukuru kwa maneno. Wakati ninaouzungumzia alikuwa ameoa, na wifi yangu aliishi pale pale kwa bibi, mwanamke mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla.

Bibi alikuwa amebatizwa. Jumapili alitembea hadi kigangoni, akapiga magoti kama wengine. Lakini nyumbani alikuwa na hadithi yake, ambayo sijaisikia kwa Msukuma mwingine wala kwa Msumbwa. Alisema ilitoka kwa mama wa bibi yake, na zaidi ya hapo hajui.

Hadithi ni hii. Hapo mwanzo Mwenye Kuona alitembea juu ya nchi, na kila alichokitazama, mwisho wake ulijulikana. Si kwake tu. Ulijulikana pia kwa kile kilichotazamwa. Ndama alizaliwa akijua kisu chake. Binti alichumbiwa akijua siku atakayoachwa. Basi viumbe vikachoka. Mbuzi wakaacha kupandana, wanawake wakaacha kulima, watu wakakaa milangoni wakingoja siku zao kama wanaongoja mvua. Mwenye Kuona alikuwa na dada, ambaye alizaliwa kipofu. Dada akasikia nchi imenyamaza, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akashika jembe, akachimba, akaita viumbe vyote vyenye kutaka kuanza kitu viingie chini ya udongo, maana huko jicho la kaka yake halifiki. Mbegu ndizo zilizotangulia. Ndiyo maana, bibi alisema, mbegu huota gizani: hakuna kinachoweza kuota huku kinajua kitakavyovunwa.

Tangu hapo, cha juu ni cha kaka na cha chini ni cha dada. Kaka anajua yajayo, lakini ya juu tu. Dada hajui lijalo lolote. Anapapasa kwa mikono, na kitu anakijua pale kinapomgusa.

Nilipokuwa mdogo niliipenda hadithi hiyo. Nilipofika sekondari nilianza kuihoji. "Kwa hiyo Mungu wako hajui kila kitu?"

"Anajua kila kitu anachokiona."

"Padri anasema anaona kila mahali."

"Padri hajashuka duara," bibi alinijibu.

Duara ndilo shimo la dhahabu, lile la kwenda wima chini kwa kamba. Katika hadithi ya bibi, mchimbaji akishuka duara anatoka katika ujuzi wa Mungu. Kwa muda ule hana kesho. Haijaandikwa kwamba atatoka wala kwamba hatatoka. Kwa hiyo lazima aache juu kitu chake ambacho hakijakwisha, ili Mwenye Kuona, akikitazama kitu hicho, aone kikimalizwa, na ili kimalizwe ni lazima mwenyewe arudi.

Nyumbani kwetu kitu hicho kilikuwa nusu ya tobolwa. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu. Jioni kaka aliuma tobolwa moja, akala nusu, na nusu nyingine akaiweka ndani ya kibuyu kilichokatwa, akaifunika kwa kikapu kando ya mlango. Asubuhi bibi alifunua. Kama nusu ilikuwa vile vile alisema, "Ameonwa," na kaka akaenda kushuka. Kama imeguswa, iwe na panya, kuku au siafu, siku hiyo hakushuka. Alibaki juu ya duara akivuta kamba au akiponda mawe. Na aliporudi jioni, kabla ya maji, kabla ya kunawa, aliila ile nusu.

Jioni hiyo niliyofika tulikaa kwenye mikeka tukila ugali wa mtama na mlenda. Alipoliuma tobolwa lake na kuliweka kibuyuni, nilishindwa kunyamaza.

"Kwa hiyo panya wa nyumba hii ana elimu kuliko Mungu."

Bibi hakukasirika. "Panya hana elimu. Ana njaa."

"Lakini yeye ndiye anayeamua kaka ashuke au asishuke."

"Msomi," kaka alisema, "panya huyo amenipumzisha mara nyingi kuliko serikali."

Wifi alicheka, na ubishi ukanipanda zaidi. "Imewahi kutokea nusu ikaliwa, kisha mwenyewe akashuka hivyo hivyo?"

"Nani afanye hivyo?" bibi aliuliza.

"Basi hamjui! Mnajua upande mmoja tu. Nusu nzima, mtu anarudi. Lakini nusu ikiliwa hamshuki kamwe, mtajuaje kama angerudi au asingerudi?"

Nilikuwa nimejifunza hoja hiyo muhula huo huo, na niliona imekaa vizuri. Kaka alinitazama kwa namna ambayo nilidhani ni kushindwa. Alisema, "Hapo umesema kitu." Kisha akageukia ugali.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, mvua isiyo ya msimu wake, na asubuhi iliyofuata kulikuwa na mawingu. Niliamka mapema kuliko wote. Nilikwenda mlangoni, nikainua kikapu, nikala ile nusu ya kaka yangu nikiwa nimesimama. Ilikuwa na ladha ya moshi na chumvi kidogo. Nikachukua tobolwa jingine kwenye gunia, nikaliuma nusu, nikatema kipande, nikaweka kibuyuni nusu iliyobaki. Nikafunika.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Angeshuka akiwa hajui. Angerudi jioni, akae kwenye mkeka, anyooshe mkono kuchukua nusu yake, na hapo ningemwambia mbele ya wote: hiyo si nusu yako, yako niliila asubuhi, na tazama, umerudi. Niliyafanyia mazoezi maneno hayo kichwani. Niliwaza hata wifi atakavyocheka. Sikuwaza kitu kingine. Hili nalisema kwa sababu watu wakisikia habari hii huniuliza kama moyo haukunidunda. Ulidunda, lakini kwa furaha.

Bibi alifunua kikapu. Macho yake yalikuwa yameliwa na moshi wa jiko miaka mingi, aliona umbo la kitu tu. "Ameonwa," alisema. Kaka aliinama pale mlangoni akitafuta kofia yake, akakawia kidogo. Kisha akaniangalia.

"Umelalaje, msomi?"

"Salama."

"Hebu kachote maji kisimani kabla ng'ombe hawajayavuruga. Wifi yako mgongo unamuuma."

Nikachukua ndoo. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda.

Habari ililetwa mchana na mwanamke aliyekuwa akiuza uji machimboni. Alikuja akikimbia, kanga imemvuka, na alipofika uani hakusalimia. Alisema, "Duara limefunga." Bibi alikuwa anachambua choroko. Alizisogeza kando kwa mkono, akasimama, akaniambia nimshike.

Ilikuwa mwendo wa saa moja, na kwa hatua za bibi ilikuwa zaidi. Wifi alitutangulia akikimbia. Tulipofika, watu walikuwa wamesimama mbali na mdomo wa duara, kwa kuwa ardhi ilikuwa ingali ikimeguka. Udongo ulikuwa mwekundu na laini kama ugali uliokosa unga. Magogo yanayozuia kuta, ambayo wachimbaji huyaita matimba, yalikuwa yametokeza juu ya kifusi, na niliona kwamba yalikuwa membamba kama miti ya uzio.

"Wako wangapi chini?" niliuliza.

"Mmoja," alijibu mwenye duara, mtu mzima. "Wenzake waliogopa mvua. Yeye alisema atashuka aangalie tu. Nikamwuliza, nusu yako ikoje nyumbani? Tunamtania hivyo kila siku. Akasema, nzima kabisa."

Kisha akaniambia nisikilize. Niliinamisha kichwa na nikasikia. Kwa mbali, ndani, chuma kilikuwa kinagonga mwamba. Mara tatu, kimya, mara tatu. Alikuwa na moko wake.

Wanaume walichimba kwa zamu. Walichimba kwa makarai na majembe, na kila walipotoa makarai kumi udongo ulirudisha matano. Wifi alikaa chini na kuweka kiganja kwenye ardhi, akihesabu, midomo yake ikitembea. Bibi hakulia. Alisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Sasa yuko mikononi mwa dada."

Mimi nilikuwa nimesimama na maneno mdomoni. Nilitaka kusema nimeila. Nilijua kwa akili yangu yote kwamba tobolwa halishikilii ukuta wa udongo, kwamba mvua na matimba mabovu vilitosha kueleza kila kitu. Nilijua pia kwamba kama nusu yake ingekutwa imeliwa, na sheria ya nyumba yetu ikafuatwa, saa hiyo angekuwa amesimama pembeni yangu ameshika kamba. Mambo hayo mawili yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililolifuta jingine.

Alasiri kugonga kukawa mara mbili, kimya kirefu, mara moja. Halafu mvua ikarudi. Upande mzima wa duara ukashuka, nusura uchukue wachimbaji wawili, na mwenye duara akasema basi. Kulikuwa na ubishi. Wifi aliingia mwenyewe kwenye tope kwa mikono mitupu na ikabidi abebwe. Hatukumtoa kaka yangu. Yuko huko hadi leo, na juu yake watu walipanda mihogo baadaye, kisha wakaacha.

Siku ya tatu ya msiba bibi aliniita mlangoni. Kwa desturi yetu, nusu ya mtu ambaye hakurudi hailiwi. Hupelekwa ikatupwa pale alipoingilia. Alikiinua kikapu, akachukua tobolwa, akanipa mkononi.

Nilitazama alama ya meno. Katikati yake kulikuwa na ukuta mwembamba umesimama.

Nililigeuza. Nikaligeuza tena. Lilikuwa fupi kidogo kuliko nilivyoliacha, na kwenye ukingo alama ilikuwa ya kaka yangu, hakuna aliyeweza kukosea. Lakini mimi nililila la kaka. Nililiuma jipya kwa meno yangu yaliyobanana. Ladha ya moshi na chumvi ilikuwa bado iko kwenye ulimi wangu. Nilisimama pale nikijaribu maelezo moja baada ya jingine kama mtu anayejaribu funguo: labda nilichanganya, labda niliota, labda panya. Hakuna lililoingia.

"Kuna nini?" bibi aliuliza.

"Hakuna."

"Usimlaumu," alisema. Nikadhani amekijua kitendo changu. "Usimlaumu Mwenye Kuona. Hakufanya. Hakuona tu."

Nilipeleka lile tobolwa mwenyewe, nikalitupa juu ya kifusi, nikarudi bila kutazama nyuma.

Chuoni nilikuwa mkali kuliko kwanza. Nilibishana na wahadhiri, nilibishana na wanamaombi waliopita mabwenini, nilibishana na vijana wa chama. Jambo moja sikulibishia, wala sikulisimulia, nalo ni ile alama ya mwanya. Nilikuwa mtu asiyeamini kitu chochote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja nilikificha kama mtu anavyoficha ugonjwa. Tena, niseme ukweli, nilikishukuru. Kwa kuwa ikiwa kuna mkono uliorudisha meno ya kaka yangu kwenye tobolwa nililoliuma mimi, basi nusu yake ilikuwa nzima kama alivyosema, na kitendo changu kilikuwa kimefutwa kabla hakijamdhuru. Alikuwa amekufa kwa mvua. Nilikaa ndani ya muujiza huo miaka kumi, mimi niliyewacheka wengine kwa miujiza yao.

Bibi alifariki katikati ya miaka ya themanini. Alikufa usingizini, baada ya kuugua siku chache, na hakuniuliza kitu. Mwaka wa pili baada ya hapo nilikwenda kumtembelea wifi, ambaye alikuwa ameolewa tena upande wa Kharumwa na alikuwa na watoto wanne. Nilimkuta anaanika viazi juu ya jabali. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaitikia, akanipa kisu bila kuuliza kama nimechoka. Tulikata viazi muda mrefu tukiongea habari za mvua na watoto.

Ndipo nikamwambia. Sijui kwa nini siku hiyo. Nilimwambia kwamba asubuhi ile niliila nusu ya mume wake, nikaweka nyingine.

Hakuacha kukata. "Najua, wifi."

"Unajuaje?"

"Alinionyesha yeye mwenyewe alama ya meno yako ya panya. Ulipokwenda kisimani alikiinua kikapu tena. Akaniita. 'Njoo uone, msomi ameuma kama alivyokuwa akiuma utotoni.' Akacheka sana."

Nilimwuliza kwa nini basi alishuka.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, imeguswa, baki juu, leo ni siku ya kamba. Akasema, 'Nikibaki, atakaa na swali lake. Mwache ashinde mara moja. Nikirudi jioni atanitangazia ushindi wake, na mimi nitajifanya nimeshangaa.'" Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwa kanga. "Na mimi nilimwacha. Kwa hiyo usije hapa kunililia peke yako."

Nilimwuliza kuhusu ukuta ule katikati ya alama ya meno.

Alisema kaka alikuwa na wasiwasi kwamba bibi akilipapasa tobolwa ataitambua alama yangu, kisha mimi nitagombezwa. Basi alilitoa tobolwa kibuyuni, akaliuma mwenyewe palepale nilipokuwa nimeuma mimi, akalirudisha, akafunika. Akauliza kama nimekwisha rudi kisimani. Wifi akamwambia bado. Akachukua moko wake akaenda.